Kahawa ya Wifi

Mtaa mzima walimwita Hallo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu, na hata mumewe alikuwa analitumia pale tu akiwa amekasirika sana, yaani karibu hakulitumia kabisa. Jina la Hallo alilitoa kazini. Ujana wake wote na utu uzima wake alikuwa opareta wa simu kwenye ofisi ya posta, zama zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mbali, sharti kwanza uongee na binadamu mwenzako aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu, achomeke waya huku na waya kule. Neno lile la kuitikia simu lilimkaa mdomoni hata baada ya kustaafu. Mtu akibisha hodi nyumbani kwake, haambiwi karibu, anaambiwa "Hallo!" Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi mwenye kibanda chake barazani hapo hapo nyumbani, alipenda kuwasimulia wateja kwamba siku aliyomwambia binti yule kuwa anampenda, alijibiwa, "Subiri kwenye laini."

Kazi ile ilimpa na kitu kingine: kahawa. Maopareta walikuwa na chupa ya chai chini ya meza, lakini chai haikuwahi kuingia humo. Ilikuwa kahawa nyeusi, chungu, isiyojua sukari. Hallo alikunywa kabla ya kunawa uso, akanywa mchana, akanywa jua likianza kulegea. Kabla ya kikombe cha kwanza hakuna aliyethubutu kumuuliza neno. Mtoto wao wa pekee, binti ambaye sasa ni muuguzi, alijifunza tangu mdogo kusoma uso wa mama yake asubuhi kama watu wanavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

Basi maisha yakaenda hivyo mpaka wifi alipohamia.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa kinyozi. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake, na mikono yake ilikuwa na nguvu ambazo mdogo wake hakuwahi kuwa nazo. Mumewe alipofariki, watoto wake wakiwa wamekwisha kutawanyika kila mmoja na njia yake, kinyozi alisema dada yake hawezi kukaa peke yake kama mlinzi wa ghala, akamfuata na mkokoteni. Alikuja na sanduku la bati, kitanda, na kikaango kizito cha chuma alichokifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga. Akapewa chumba cha uani.

Hallo alimpokea vizuri. Hakuna anayeweza kusema hakumpokea vizuri. Lakini asubuhi iliyofuata aliingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya rafu bila kutazama, kama alivyofanya miaka yote, akachota kijiko cha kahawa, akakitia kwenye maji ya moto, akanywa. Ilikuwa chumvi.

"Wifi," aliita, akijifuta mdomo, "kahawa yangu iko wapi?"

"Iko mahali pake, wifi."

"Mahali pake ni hapa."

"Palikuwa hapo," wifi alijibu kwa upole, akiendelea kupanga vikombe. "Hapo kuna mvuke. Kahawa inashika unyevu. Nimeiweka kule kwenye ukavu."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Hallo. Kuanzia siku hiyo jiko lile likawa na wenyewe wawili. Sufuria moja ikihamia kushoto asubuhi, jioni imerudi kulia. Na hawakugombana hata siku moja! Walikuwa wakiitana "wifi" kwa utamu mwingi kiasi kwamba kinyozi alidai meno yanamuuma. "Wifi, umeamka?" "Nimeamka wifi, labda wewe ndiye hukulala vizuri." Kinyozi akisikia hivyo huchukua wembe wake na kwenda kuunoa, hata kama aliunoa muda si mrefu.

Siku moja Hallo alikuwa akianika nguo, moyo ukaanza kumdunda kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Akakaa chini juu ya shuka mbichi. Binti yake akampeleka hospitali, na daktari, mtu mpole mwenye subira, akampima, akampima tena, akamuuliza anakunywa nini. Hallo akataja. Daktari akauliza vikombe vingapi. Hallo akasema inategemea kikombe. Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka, akamwambia kwamba shinikizo la damu limepanda na kahawa basi. Hapakuwa na kupunguza wala kuzimua. Basi tu.

Walipofika nyumbani binti alikwenda moja kwa moja rafuni, akalichukua kopo la kahawa, akalitia kwenye mkoba wake.

"Mwanangu, niachie hata la kunusa."

"Mama, nakujua."

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa haikaliki. Kichwa kilimuuma Hallo kutoka utosini mpaka kwenye meno. Aligombana na redio. Aligombana na bawaba ya dirisha. Mteja mmoja wa kinyozi aliuliza kwa heshima kama anaweza kupata maji ya kunywa, akajibiwa kwamba hapa si kisimani. Kinyozi akaanza kula chakula chake cha mchana kwenye kiti cha wateja, sahani magotini, akijitazama kwenye kioo kama msafiri aliyekwama stendi.

Wifi alichukua gunia tupu, akatoka.

Nyuma ya karakana ya magari, mtaa wa pili, palikuwa na kiwanja kisichojengwa. Humo mlikuwa na vyuma chakavu, matairi, na magugu yaliyofika kifuani. Mengi yalikuwa ya aina moja: maua ya manjano, maganda membamba yaliyopinda kidogo na kusimama kama yanachungulia juu. Ukiyafikicha majani yake, harufu inakufanya ukunje pua. Wengine huuita mmea huo mwingajini, na wifi alikuwa akisema jini gani huyo wa kukimbia, mbona mbuzi hakimbii, anapita tu bila kuula. Mmea wenyewe ni wa jamii ya kunde, ingawa ukiutazama huwezi kuudhania ndugu wa kitu kinacholiwa. Wifi alichuma maganda makavu, gunia likajaa nusu, akarudi, akayamwaga kwenye ungo uani, akaanza kuyapukuchua.

Hallo alitoka na kichwa chake kimefungwa kitambaa. "Wifi, hivi ni vitu gani vinanuka hivi?"

"Dawa ya hasira zako."

"Mimi sina hasira!" Hallo alisema kwa sauti iliyomwamsha paka juu ya ukuta.

Akarudi ndani, moyoni akijiambia kwamba mwanamke huyu sasa ameamua kumuua ili arithi jiko.

Zile mbegu zilikaa juani mpaka zikakauka vizuri. Zilikuwa ndogo, bapa, rangi ya udongo. Ndipo wifi akakifungua kile kikaango cha chuma kutoka kwenye shuka lake, akakiweka juu ya mkaa usio mkali, akatia mbegu, akavuta kigoda. Akawa anakoroga kwa mwiko, taratibu, kama mtu asiye na safari. Kwanza ilitoka harufu ya majani mabichi. Halafu ya nyasi zinazoungua. Halafu mbegu zikaanza kupasuka, tap, tap, na harufu ikageuka. Ikawa nzito, ya moshi na ya utamu kidogo. Ikatoka uani, ikapita ukumbini, ikafika barazani.

Kinyozi alitokea mbio, wembe mkononi. Nyuma yake alikuja mteja mwenye shuka shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine limejaa povu.

"Dada," kinyozi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua umri. "Ni ile ya mama?"

"Ni ile ya mama."

Kwao, walipokuwa wadogo, kahawa ya dukani ilikuwa ya wageni. Watoto na mama yao walikunywa hii. Kinyozi hakuwa ameinusa tangu siku walipomzika mama. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, akasubiri kama alivyosubiri zamani. Wifi alitwanga, akachemsha, akachuja, akamimina. Akanywa kinyozi, akanywa wifi, akanywa na yule mteja wa shavu moja, ambaye alisema ni nzuri, akaongezwa.

"Wifi, kikombe chako hiki," wifi alisema.

Hallo alikuwa amesimama mlangoni na mate yamemjaa mdomoni. Angeweza kulia kwa hamu. "Asante," alisema. "Mimi sinywi majani ya jalalani."

"Sawa wifi. Ila si majani, ni mbegu."

Na akakinywa yeye.

Kila siku jioni ikawa hivyo. Kaka na dada wakikaa uani na vikombe vyao wanacheka mambo ya utotoni, Hallo akiwa chumbani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Hakuna aliyemfungia nje. Alijifungia mwenyewe, na funguo ziko mfukoni mwake, lakini kuzitoa ndiyo kazi. Kila mara wifi alipomkaribisha, alisema hapana, na kila hapana ilifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi kuibadilisha.

Ikatokea wifi akaenda kumtazama mjukuu wake aliyezaliwa upande wa pili wa mji. Alipotoka tu, Hallo alifunga mlango wa uani na kuingia jikoni kama mwizi. Unga wa kahawa ile ulikuwa umekwisha. Palikuwa na chupa ya mbegu ambazo hazijakaangwa. Akasema kukaanga nako ni elimu gani? Akachukua sufuria nyembamba ya bati, akawasha moto mkali kwa sababu ya haraka, akamwaga mbegu. Zikapata weusi nje kwa dakika chache. Akaridhika. Akazitwanga, zikawa ngumu kidogo, akazitwanga hivyo hivyo. Akachemsha, akanywa kikombe. Ilikuwa na uchungu wenye ukijani ndani yake. Lakini mtu aliyekaa na kiu muda ule haangalii rangi. Akanywa cha pili.

Mchana haujaisha, Hallo alikuwa ameikumbatia ndoo. Tumbo lilimkata, akatapika mpaka hakuna cha kutapika, jasho jembamba likamtoka. Kinyozi akamwita binti yao. Binti alifika na sare zake za kazini, akampima mama yake, akampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akakaa naye mpaka mapigo yakatulia. Kisha akaingia jikoni. Akaona kikombe, akaona chupa ya mbegu. Akainusa.

Wifi alifika wakati huo huo, kifurushi mkononi, uso umemkunjuka kwa furaha ya mjukuu.

"Shangazi," binti alisema, na hakumpa hata salamu. "Umemnywesha mama nini?"

"Mimi?"

"Hizi mbegu ni sumu, shangazi! Tumeshapokea watoto wodini waliokula hizi. Mama ana presha, wewe unamletea magugu!"

Wifi alimtazama, akamtazama mdogo wake. Kinyozi alibaki amesimama katikati ya dada, binti na mke mgonjwa. Wifi aliweka kifurushi mezani, akaenda chumbani kwake uani, na baada ya kitambo ikasikika sauti ya sanduku la bati likiburutwa kwenye sakafu ya saruji.

Hallo aliisikia akiwa kitandani. Ilikuwa ile sauti aliyokuwa akiitamani tangu siku ya chumvi, na ilipokuja, alishangaa jinsi isivyompendeza. Ilimkwaruza kifuani. Akainuka, akashika ukuta kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine, akatoka uani.

"Rudisha hilo sanduku," alisema.

Wifi aligeuka. Binti akakimbia kumshika mama yake. "Mama, lala!"

"Nitalala. Mwache shangazi yako. Hakunipa kitu. Nimeiba."

"Umeiba?"

"Nimeiba mbegu zake, nikazikaanga mwenyewe. Na hata kuiba kwenyewe nimeshindwa." Akakaa kwenye kile kigoda cha kukaangia, ndoo magotini. "Wifi, nilikuwa naitaka. Kila siku nilikuwa naitaka. Ni huu mdomo wangu tu uliokuwa unakataa."

Wifi akaliacha sanduku mlangoni, akaingia jikoni, akarudi na ile sufuria ya bati. Akachukua mbegu moja iliyobaki, akaivunja kwa meno, akaitema mkononi na kuitazama.

"Ulitumia moto gani?"

"Wa haraka."

"Wifi, hii ndani bado kijani kabisa. Umeivisha koti tu. Hii hata mbuzi angekushangaa."

Hallo alianza kucheka, kicheko kikamgeukia tumboni, akainamia ndoo, na wifi akamshika paji la uso kwa ile mikono iliyofua mashuka ya wagonjwa wasio na idadi, akamshikilia mpaka ikapita. Kinyozi akageuka upande mwingine, akasema anaona kuna mteja barazani. Hapakuwa na mteja.

Binti alikuwa amesimama na mikono mitupu. "Shangazi, nisamehe," alisema. "Nilitangulia kusema kabla ya kuuliza."

"Ulikuwa unamtetea mama yako. Ningekuwa na binti nisingemfundisha vingine. Kamletee maji."

Siku chache baadaye binti alirudi na majibu. Alikuwa amemuuliza daktari, na daktari naye aliuliza kwa wenziwe. Mbegu zikiwa mbichi au hazijaiva ni hatari kweli, alisema, hilo lisichezewe. Zikikaangwa zikaiva sawasawa, hazina kile kinachomdundisha Hallo moyo. Kikombe kimoja, kidogo, na akiona tofauti yoyote aache. "Na anayekaanga," binti aliongeza akimtazama mama yake, "ni shangazi peke yake."

Lakini wifi alisema hapana, kitu usichokijua ndicho kinachokuumiza, atamfundisha. Wakakaa uani wawili, jua likiwa bado la asubuhi, kikaango cha chuma katikati. Wifi alimpa mwiko. Hallo akakoroga kwa kasi, wifi akaushika mkono wake na kuupunguzia mwendo. Akamwonyesha jinsi ya kungoja mpaka harufu ya jani iondoke yote, na jinsi ya kuvunja mbegu moja moja kuhakikisha weusi umefika kwenye moyo wake. Kazi yenyewe ni ndefu na mikono tu ndiyo inayohitajika, kwa hiyo midomo ikapata nafasi.

"Mzee wangu aliipenda hii," wifi alisema. "Alipofariki niliendelea kupika ya watu wawili. Mkono umezoea kipimo, sijui nikupe mfano gani. Nakunywa yangu, yake namwaga kwenye shina la mpapai."

"Mpapai ukasemaje?"

"Ukazaa sana." Wifi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilipokuja hapa nikasema, basi, nimepata wa kunywa naye. Nikakuta wewe una kahawa yako, na uso umeufunga."

Hallo alikoroga. Miaka yote alikuwa amewaunganisha watu na watu wao, akisikiliza sauti za wageni zikilia na kucheka sikioni mwake, na huyu aliyekuwa akilala ukuta wa pili hakuwahi kumuuliza hata mumewe alifariki kwa ugonjwa gani. Akamuuliza. Wifi akamweleza, kirefu, na mbegu zikawa zinapasuka.

Walipoinywa, Hallo alifumba macho. Hakutaka kusema uongo. Ilifanana na kahawa kama mtu anavyofanana na binamu yake: pua ile ile, cheko lile lile, lakini ukimtazama machoni unajua si yeye. Akanywa tena.

"Haya wifi, sema."

"Si yeye," Hallo alisema. "Lakini namkaribisha."

Tangu hapo wakawa chanda na pete. Chumvi ilirudi mahali pake pa zamani, halafu ikahama tena, na safari hii aliyeihamisha ni Hallo. Kinyozi, aliyekuwa akiomba amani ile kila siku, aliipata kwa wingi kuliko alivyoomba. Akija na kikombe chake jioni anakuta wanaongea, anaambiwa subiri kidogo tumalizie hili. Aliwalalamikia wateja kwamba yeye sasa ni mpangaji. Mtoto wa kiume wa wifi alipokuja na gari kumchukua mama yake akakae naye, Hallo alimpokea mlangoni, akamkalisha, akamnywesha, akamsifia mtoto wake mchanga, akamfungia chupa ya unga wa kahawa ile, akamsindikiza mpaka garini, na gari likaondoka bila mama.

"Hata hukuniuliza kama nataka kwenda," wifi alisema.

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Lakini ungeniuliza."

Mwaka uliofuata kiwanja cha nyuma ya karakana kilipata mwenyewe, na trekta likaja kufyeka. Wanawake wawili walitangulia asubuhi na magunia yao, wakachuma maganda yote yaliyokauka huku dereva wa trekta akiwasubiri, injini ikinguruma, asielewe watu wazima wanaokoa nini. Mbegu nyingine walizikaanga. Nyingine waliamua kuzipanda. Walilima tuta uani, wakalitia samadi, wakatia mbegu kwa mistari, wakamwagilia asubuhi na jioni.

Jirani, fundi cherehani, alichungulia juu ya ukuta. "Jamani, mmepanda nini?"

"Magugu," wifi alijibu.

"Magugu? Na mnamwagilia?"

"Yanadeka," Hallo alisema. "Yanataka kubembelezwa."

Na kweli yalideka. Magugu ambayo maisha yake yote yalimea kwenye matairi na vyuma bila kuombwa, yalipowekewa samadi na mistari yalikataa katakata. Tuta lilibaki tupu kama kichwa cha mteja aliyetoka kwa kinyozi. Wifi alilitukana. Hallo aliliongelesha kwa ile sauti yake ya posta. Wapi!

Mvua zilipokolea, kinyozi alikuwa akifagia nywele mbele ya kibanda chake, akaona ufa wa mfereji umeota mche, na pembeni yake mwingine, na mwingine, mpaka kwenye mguu wa benchi la wateja. Mbegu zilikuwa zimedondoka huko siku walipopita na magunia. Akasimama na ufagio, akawaita. Walikuja wote wawili, wakachuchumaa, wakafikicha jani na kulinusa, na wote wawili wakakunja pua kwa furaha kubwa.

"Usifagie hapa," Hallo alimwambia mumewe.

"Na wateja wangu wapite wapi?"

"Watazunguka," wifi alisema. "Wana miguu."

Kinyozi akawatazama, akauhamisha ufagio, akaanza kufagia kwa kuzunguka.